Chumba cha Taa

Miaka ishirini na sita nimegawa taa.
Unanipa kibati chenye namba yako,
nakupa taa, kibati nakitundika msumarini.
Ukipanda kutoka shimoni unarudisha taa,
nami nakurudishia kibati.
Hesabu ya chekechea.
Ila msumari mmoja ukibaki na kibati zamu imekwisha,
halali mtu:
si meneja, si mpishi wa kantini,
si mimi.

Hapa Bonde la Jiu
hiyo ndiyo sheria tuliyoikuta,
kabla ya zenu.

Bibi Annelies alitufikia Machi,
theluji ikiyeyuka nyeusi kando ya reli,
ana faili la kijani na mkalimani mwenye mafua.
Akasema mataifa yameketi meza moja
yakakubaliana kwamba dunia ina homa.
Akasema mgodi utafungwa. Akasema mfuko upo.
Akasema "mpito wa haki" mara kumi na moja.
Nilihesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Sikubisha.
Octavian wangu alikohoa makaa miaka minne
ndani ya beseni la bluu
ambalo hadi leo silifulii hata soksi.
Na mto wetu, enzi zile,
bata waliingia kuoga wakatoka kunguru.
Siyalilii makaa. Yaacheni yalale yaliko.

Lakini mafunzo ya kufunga sola yalikuja kiangazi kilichopita:
wiki sita, chai na biskuti, cheti chenye muhuri wa dhahabu.
Cha Traian kimetundikwa juu ya televisheni kwa mama yake.
Mwenyewe yuko Ujerumani, amepiga magoti,
anavuna asparagasi za watu.
Mapangaboi ya upepo yanasimama kule pwani,
safari ya treni mchana kutwa na nusu ya usiku.
Na basi la hospitali limeondolewa,
eti linatoa moshi.
Kweli, linatoa moshi.
Basi Floarea, mwenye figo moja,
anakwenda kilomita saba kwa miguu
akivuta hewa safi.

Bibi akafungua faili. Kipo kiambatisho, akasema,
ukurasa wa sitini na nne, kinahusu makundi yaliyo hatarini.
Mkalimani akapenga kamasi.
Nikasema: mama, mimi viambatisho sivijui,
najua misumari.
Mkifunga mlango kabla hesabu haijatimia,
hata mlango mkiupaka rangi ya kijani,
ndani kuna mtu.

Halafu nikamuuliza jambo lililokuwa likinikereketa:
hilo gari lake lisilonguruma, pale uani,
jiwe la betri yake limechimbwa wapi?
Akataja nchi. Nimesahau ipi.
Nikataka kujua kama huko nako
yupo mwanamke wa chumba cha taa,
ana misumari mingapi,
na nani humsubiri asiyepanda.
Hilo mkalimani alilitafsiri polepole,
na bibi hakuandika chochote.
Alinitazama tu.

Akaomba aone shimo kabla halijazibwa.
Nikamnyooshea mkono: kibati.
Hana kibati.
Basi hicho kilichoko shingoni, nikasema,
chenye picha yako na nyota kumi na mbili.
Akacheka kidogo, akakivua, nikakitundika
msumari wa 118, uliokuwa wa Octavian,
nikampa taa.

Alipanda baada ya saa moja, uso una masizi,
hana neno.
Akaweka taa mezani, akaingia garini, akaondoka,
kitambulisho akakisahau.

Ofisi yao imepiga simu mara mbili: kitumwe kwa posta.
Nimewajibu kwamba kwangu hakitumwi,
kinafuatwa.
Wazibaji wamekwishaleta saruji.
Wanataka funguo za chumba.
Nawaambia wangoje kidogo,
namba 118 bado yuko chini.